Waya wa Tano

Valmond Sirois aliingia ofisini Jumanne saa mbili asubuhi, hakunisalimu, akaanza kupanga nyaya nyekundu juu ya meza yangu, mmoja mmoja, kama mtu anayeandaa vijiko vya wageni.

"Hesabu, shemeji."

"Nne."

"Hesabu tena."

"Valmond, mimi nimezeeka, sijapofuka. Nne. Ulitaka ngapi?"

"Tano."

Nikacheka. Ndiyo kwanza nilikuwa nakunywa kahawa kwa utulivu baada ya baridi ya wiki iliyopita, siku tatu za kushika simu mbili kwa zamu, na mtu mzima kunijia na uso wa msiba kwa sababu ya waya wa shubiri moja nilikiona kichekesho. Nikamwambia stoo kuna bunda zima la waya mwekundu, akate mwingine. Akavua kofia, akaishika kifuani kama yuko kanisani, ndipo nikaacha kucheka.

Zile nyaya alizitengeneza mwenyewe, kila mmoja na kibanio chenye meno huku na huku. Boila ya mafuta inayopasha nyumba joto ina vihisi vyake. Kimoja hupima joto la maji, kingine huangalia kama moto umewaka kweli, na cha tatu kimetumbukiza kidole cha chuma ndani ya maji. Maji yakipungua, kidole hubaki hewani, na umeme wa kichomeo hukatika palepale. Sasa boila ikigoma kuwaka, fundi anataka kujua ni kihisi gani kilichosema hapana. Anachukua waya mwekundu, anabana huku na huku, umeme unakiruka kihisi kimoja. Moto ukiwaka, mkaidi amepatikana. Waya unatolewa, kihisi kinasafishwa au kinabadilishwa, watu wanalala kwenye joto.

Lakini waya ukisahaulika pale kwenye kihisi cha maji, boila haijui tena kama ina maji au haina. Itawaka tu. Itawaka kavu, chuma kiive, na siku mtu akifungulia maji baridi juu ya chuma kile, hakuna haja ya kueleza. Mimi nimekaa kwenye simu za duka hili la boila miaka thelathini na moja na nimeona picha ya nyumba ambayo jiko lake lilihamia uani.

"Umeuacha wapi?" nikamuuliza.

"Rolande, ningekuwa najua, ningekuja kusimama hapa?"

Huyu mtu nimemfahamu tangu akiwa na miaka kumi na tisa, siku alipokuja kumposa dada yangu Clarisse na kumkuta baba chumba cha chini akipigana na boila. Posa ikasubiri. Valmond alishuka, akakaa huko saa mbili, akapanda ngazi na masizi mpaka masikioni, na nyumba nzima ikaanza kupata joto. Baba akasema kijana huyu akitaka, achukue hata wote wawili. Alimchukua Clarisse peke yake. Mimi nilipata mwingine, mwema tu, Mungu amrehemu, ila hakujua kubadilisha hata taa.

Umeme alijifunzia kwenye maghala ya viazi. Kwao walikuwa wakulima, na viazi vya bonde letu hukaa ghalani majira yote ya baridi. Vikipata joto vinachipua, vikipata baridi vinaganda, kwa hiyo kuna vihisi kila pembe. Alikuwa akivifunga vihisi hivyo tangu shuleni. Baadaye akahamia kwenye nyumba za watu, na mpaka leo husema mwanadamu na kiazi matatizo yao ni yale yale. Kazi yake unaitambua hata bila kuambiwa. Nyaya zimekunjwa pembe mraba, zimefungwa kwa uzi wa nta, na ndani ya mfuniko wa kisanduku kuna mchoro wa penseli, kila waya na jina lake, ili fundi atakayekuja baada ya yeye kufa asihangaike. Clarisse alikuwa akisema mumewe hajawahi kumwandikia barua ya mapenzi, lakini boila zote za bondeni zimeandikiwa.

Clarisse amefariki mwaka wa nne huu. Tangu hapo Valmond hakatai kazi. Ukimpigia saa kumi alfajiri anapokea kabla simu haijalia mara ya pili, maana halali. Mimi nilijua halali, na nilimpigia.

Ile baridi ya Januari ilikaa siku tatu kwenye arobaini chini ya sifuri. Mwenye duka alikuwa Florida kama kila Januari, akipiga simu kutuuliza eti huko kuna baridi. Fundi wetu mwingine alikuwa amevunjika mguu kwa kuteleza kwenye barafu. Akabaki Valmond, miaka sitini na saba, gari moja, na mimi kwenye simu. Nyumba moja ikizima, natuma. Kabla hajafika, ya pili imezima. Siku tatu hakuvua viatu. Alikuwa akinijibu neno moja tu, "Nakuja," na mimi nikijisifu moyoni kwamba hakuna aliyeganda kwenye daftari langu.

"Lakini una ile desturi yako ya ufunguo," nilimwambia Jumanne ile. Kila mtu anaijua. Akibana waya mwekundu mahali, hutoa ufunguo wa gari mfukoni na kuutundika kwenye waya huo huo. Hawezi kuondoka bila ufunguo, kwa hiyo hawezi kuondoka bila waya. Amefanya hivyo miaka arobaini, na akiwafundisha wengine huanza na hilo.

Valmond akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyepoteza kitu.

"Arobaini chini ya sifuri, shemeji. Nani anazima gari?"

Kweli, hapa kwetu baridi ikifika hapo gari halizimwi. Linaachwa linanguruma nje, ufunguo ndani, mlango bila kufungwa, kwa sababu ukilizima hutaliwasha tena mpaka theluji iyeyuke. Siku tatu nzima ufunguo haukuingia mfukoni mwake hata mara moja. Ile akili yake yote ya miaka arobaini ilikuwa imekaa kwenye gari ikiota joto.

Tukafungua daftari. Nyumba kumi na nane.

"Twende zote," akasema.

"Tupige simu kwanza, tuwaulize kama wanaona waya mwekundu."

"Hapana. Mtu asiguse. Mtu asishuke."

Nikaihamishia simu ya ofisi kwenye simu yangu ya mkononi, nikavaa koti, nikapanda gari lake. Sikutaka aendeshe peke yake akiwa na uso ule. Njiani nikamshauri aseme tumekuja kufanya ukaguzi wa bure baada ya baridi kali. Watu wangefurahi, na hakuna ambaye angekosa usingizi.

"Ukaguzi wa nini?" akaniuliza. "Wa kichwa changu?"

"Unataka kujiharibia jina mwenyewe?"

"Jina litajengwa tena. Nyumba ikiruka na watu, je?"

Basi kila mlango aligonga, akavua kofia, akasema kweli tupu: huenda nimeacha hatari nyumbani kwenu, naomba niangalie. Wengine walibabaika. Baba mmoja mwenye watoto wachanga alimtazama kama mwizi, akasimama nyuma yake mpaka alipofunga mfuniko. Valmond aliusikia ule mtazamo mgongoni, nami niliuona ukimwingia. Hakujitetea.

Bi Albertine Gendreau, mwenye miaka themanini na sita, alimpokea tofauti.

"Kwa hiyo umekuja kuangalia kama umenilipua?"

"Ndiyo, mama."

"Na kama ningelipuka, leo ungekula wapi?"

Valmond akashuka, akapanda, akatikisa kichwa: hamna. Huwezi kutoka chumba cha chini cha mtu huku kwetu ukaenda zako bila kula, na Bi Albertine alikuwa tayari amemimina chapati zake za ngano nyeusi kwenye chuma cha moto, zile za njano zenye matundu upande mmoja, ambazo hazigeuzwi. Akatupa na siagi na sharubati ya mti wa mepo, utomvu mtamu uliochemshwa ukawa mzito kama asali. Valmond alikula moja, akaikunja ya pili mfukoni alipodhani haonekani.

"Mwanangu," bibi akamwambia, "mimi nimesahau majina ya wajukuu wangu wanne. Wewe umesahau waya. Nani mgonjwa zaidi?"

"Wajukuu hawalipuki, mama."

"Huwajui wa kwangu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Valmond alitabasamu kidogo, kwa adabu, na tukaondoka.

Jumatano jioni tulimaliza nyumba ya kumi na nane. Hakuna waya. Nilipumua kwa mara ya kwanza. Nikamwambia umedondoka kwenye theluji, utaokotwa theluji ikiyeyuka, na itakuwa hadithi ya kuchekea. Nilitaka sana iwe hivyo. Yeye akashika usukani kwa mikono miwili, gari limesimama, akasema kesho ataanza tena nyumba ya kwanza.

"Kwa nini? Umeshaona kwa macho yako."

"Macho yangu ndiyo yaliyouacha."

Alhamisi alianza tena alfajiri, peke yake. Mimi nikabaki ofisini, maana kazi za siku zilikuwa zimerundikana na wateja wameanza kununa. Mchana nilikuwa nikila mkate wangu mezani, daftari liko wazi mbele yangu, nikisoma majina ya zile siku tatu kutoka juu kwenda chini. Wote walipiga simu, wote niliwaandika kwa mkono wangu. Ndipo likanijia swali: nani hapa bondeni akipata baridi hapigi simu hii? Ni yule anayeipokea.

Nikauweka mkate juu ya daftari.

Siku ya pili ya baridi niliamka nyumbani kwangu nikakuta maji ya kikombe yameshika ganda la barafu. Ile ile nyumba ya baba; nilibaki nayo mimi. Sikumwambia mtu, maana kulikuwa na wazee na wagonjwa kwenye foleni, na kinyozi hajinyoi. Nilivaa koti la marehemu mume wangu, nikaja kazini, na Valmond alipopita kuchukua vipuri nilimtania tu kwamba kwangu hata panya wamevaa soksi. Usiku niliporudi nyumba ilikuwa na joto. Nilidhani boila imejirudi yenyewe. Nilimshukuru Mungu, nikalala bila kuuliza swali hata moja.

Nikampigia.

"Siku ya pili ya baridi, ulipita kwangu?"

Nikasikia akisimamisha gari.

"Nilipita."

"Hukuandika."

"Tangu lini naandika nikija kwenu?"

"Ulitumia waya?"

"Kwako nisingeacha, Rolande."

"Sijauliza kama ungeacha."

Sauti yake ikageuka kuwa ya kazi, kavu, na nilishukuru kwa hilo.

"Nenda sasa hivi. Usishuke chini. Zima ile swichi nyekundu juu ya ngazi, kisha toka nje unisubiri. Na maji, nakusihi, usifungulie hata tone."

Nikamwambia ukweli, kwa sababu kama nisingemwambia yeye ningemwambia nani. Tangu Jumapili mabomba ya kwangu yalikuwa yakibwata kama sufuria ya maharage. Ghorofa ya juu silali tangu nibaki mjane, lakini nilipopanda kuchukua blanketi nilikuta mabomba ya huko ni baridi kabisa. Nilijua maana yake: maji yamepungua. Baba alikuwa akifungulia bomba dogo la kujazia, dakika kumi, na kelele zinaisha. Nilikuwa nimepanga kufungulia jioni hiyo hiyo nikitoka kazini.

"Valmond? Umenisikia?"

"Nimekusikia," akasema, na simu ikakatika.

Kutoka ofisini mpaka kwangu ni dakika tano. Nilifungua mlango wa jikoni nikapokewa na harufu ya rangi inayoungua na mlio wa kugonga, polepole, chini ya miguu yangu. Mlio ule niliusikia asubuhi nikipiga mswaki. Niliusikia nikauita uzee wa nyumba. Nikanyoosha mkono mpaka kwenye swichi nyekundu bila kuingiza mguu wangu ngazini, nikaizima, nikatoka nje kwenye baridi na kusimama karibu na kisanduku cha barua kama mgeni aliyekosa mwenyeji.

Valmond alikuja mwendo ambao polisi wangemkamata. Tulishuka pamoja, alinikataza, nikamwambia ni nyumba ya baba yangu. Boila ilikuwa imezima lakini hewa yake ilituchoma usoni hata kabla hatujaifikia, na rangi ya ubavuni ilikuwa imegeuka kahawia. Kipimo cha presha kilionyesha kumi na tano, kama kilivyoonyesha tangu baba yuko hai, maana kimekwama na sote tunajua kimekwama. Na pale juu, kwenye kihisi cha maji, waya mwekundu ulikuwa umebanwa vizuri, vibanio vyote viwili, kazi safi.

Kwa kitambaa kizito alifungua kitundu kidogo cha juu ambacho hutoa maji. Ilitoka hewa kavu ya moto. Akafunga. Akamulika tochi nyuma, akaona kiungo cha zamani kimeliwa na kutu, na chini yake udongo umelowana doa la ukubwa wa sahani. Chumba changu cha chini ni sakafu ya udongo, hakuna kidimbwi ambacho ningekiona. Bandu bandu huisha gogo. Tone kwa tone, siku tisa, mimi nikilala juu yake.

"Kilikuwa kinasema kweli," Valmond akasema. Alikuwa akikitazama kihisi. "Kwingine kote vilikuwa vimechafuka tu. Hiki kilikuwa kinasema kweli, na mimi nikakiziba mdomo."

Boila ya namna hiyo haiguswi mpaka ipoe yenyewe, saa nne au tano. Tukapanda jikoni tukakaa na makoti yetu, na nyumba ikaanza kupoa pamoja nayo. Sikuwasha hata jiko. Nilikuwa na hasira na sikutaka chochote kiipoze.

"Ungeniua," nilimwambia. "Siku tisa. Ungeniua halafu ungekuja kunizika na kofia yako hiyo kifuani."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo! Nyumba kumi na nane umezikagua, ukaanza kuzikagua tena, kwa watu baki umegonga mlango na kuomba radhi. Kwangu hata hukufikiria!"

"Nilifikiria."

"Ukafikiria nini?"

"Kwamba kwako nisingeweza." Alikuwa akiitazama meza. "Kwa mtu baki naogopa, kwa hiyo naangalia. Hapa sijawahi kuogopa. Hapa ndipo nilipooa."

Hilo lilinigusa, lakini hasira haikuondoka, na sitasema iliondoka. Nikamuuliza ilikuwaje. Kwa nini hakukisafisha kile kihisi palepale? Ni kazi ya robo saa.

Akasugua uso kwa viganja. Akaeleza polepole kwamba alibana waya, moto ukawaka, akafurahi kwa sababu alitaka nirudi nikute joto. Akageuka kuchukua brashi. Miguu ikakataa. Akakaa ngazi ya tatu kutoka chini, pale ambapo Clarisse alikuwa akikaa zamani kumwambia chakula tayari, akasema moyoni apumzishe macho kidogo tu. Joto lilikuwa limeanza kumpata. Akalala ameketi. Ilikuwa mara ya kwanza kulala ndani ya siku mbili.

"Kisha simu ikalia," akasema. "Nikaamka, nikainuka, nikatoka. Hata sikumbuki nilivyotoka."

"Nani alipiga?"

Simu ile ya kazi ina mpigaji mmoja tu.

Nilikumbuka. Ilikuwa mchana wa siku ya pili, nilikuwa nimempigia mara tatu hapokei, na alipopokea nilimfokea: "Uko wapi wewe? Watu wanaganda, na wewe umejificha!" Naye akasema, "Nakuja." Hakusema yuko wapi, wala hakuniambia kwamba yuko chini ya sakafu yangu ananipashia joto, hajalala tangu jana, na kazi haijaisha. Alisema nakuja, kama anavyosema siku zote. Nami nikaandika jina linalofuata.

Maisha yake yote Valmond ameyatumia kufunga nyaya ili mashine iweze kusema hapana: moto umezidi, hapana, maji yamekwisha, hapana. Alizifundisha vizuri. Yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza, na mimi nilikuwa nimekaa kwenye simu nikimruka kama alivyoviruka vile vihisi. Tofauti ni kwamba yeye alibana waya kwa siku tisa akakosa usingizi kwa ajili yake. Mimi nilibana tangu dada yangu azikwe, na nililala vizuri sana.

"Mimi naacha kazi," alisema. Alikuwa akilia, bila sauti, machozi yakiingia kwenye ndevu za siku nne. "Mtafute mtu mwingine aje airekebishe hii. Asiwe mimi."

"Nyamaza kwanza."

"Rolande, sifai."

"Nimesema nyamaza. Tangu Jumanne umelala jumla ya saa ngapi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole, na vidole havikuhitajika vingi.

Simu yangu ikalia mfukoni. Alikuwa Bwana Lagassé, wa barabara ya kanisa, mteja wetu tangu enzi za mwenye duka wa kwanza. Boila yake ilikuwa imezima tangu asubuhi na nyumba imeanza kupoa. Valmond alisikia sauti, maana Lagassé huongea na simu kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Akajifuta uso kwa mkono wa koti, akasukuma kiti nyuma, mkono wake mmoja tayari unatafuta kofia.

"Mwambie nakuja," akasema.

Nikamwekea kiganja begani nikamkandamiza arudi kitini. Hakuwa mzito.

"Bwana Lagassé," nikasema, "Valmond haji."

"Haji leo mchana? Nimsubiri jioni basi?"

"Wala jioni."

"Kesho?"

"Hapana. Haji."

Nadhani mzee yule alifikiri nimefiwa. Nikamwambia achukue kalamu, nikamtajia namba ya wale wa barabara ya chini, washindani wetu, ambao sijawahi kutamka jina lao ofisini bila kutema mate. Nilirudia tarakimu mara mbili, polepole, mpaka akaniambia ameandika zote. Nikamwambia ni mafundi wazuri. Hilo liliniuma kuliko yote, na ni kweli.

Valmond alikuwa akinitazama mdomo wazi.

"Umewapa wale?"

"Nimewapa."

"Mwenye duka atakufukuza."

"Apande ndege kutoka Florida aje kunifukuza kwenye baridi hii. Lala."

"Hapa?"

"Pale pale ulipo."

Akaweka mikono mezani, akaweka kichwa juu ya mikono, na kabla sijamaliza kuvua koti la marehemu mume wangu nimfunike nalo, alikuwa amelala.